Vitu vya Watu kwenye Ungo

Mwalimu wa chekechea wa binti yangu ametuma ujumbe kwenye kundi la wazazi. Eti tucheze na watoto nyumbani, michezo ya kukuza akili. Akatupa na mfano: chukua sinia, panga vitu vidogo vidogo, mtoto avitazame, kisha funika kwa kitambaa, ondoa kimoja kwa siri, funua, muulize ni kipi hakipo. Wazazi wenzangu wakajibu kwa makofi na vidole gumba. Mimi nilikuwa nimesimama dukani Majengo nikisubiri kupimiwa maharage, harufu ya vumbi la gunia inanipanda puani. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nataka ya njano au mekundu. Nikamwambia yoyote tu, kaka, nipe yoyote.

Nyie rika langu mtanielewa. Sisi michezo hii hatukutumiwa kwenye simu. Tuliicheza kwenye mavumbi, na hakuna aliyetuambia kwamba inakuza kitu. Huo wa sinia naujua kabla mwalimu huyo hajazaliwa, ila kwetu ulikuwa wa ungo. Na niseme wazi: sijawahi kuogopa kitu duniani, si nyoka, si radi za kwetu Songea zinazopasua miti, kama nilivyouogopa mchezo ule.

Ulikuja na shangazi. Alitokea kijijini Mpitimbi msimu wa mvua, akiwa na begi moja, kuku wawili waliofungwa miguu, na ungo mpya unaonukia mianzi. Alikuwa dada mkubwa wa baba. Jina lake Raineria, ingawa zaidi ya baba na padri sikumsikia mtu akilitamka. Mama alikuwa mjamzito na ile mimba ilimtesa: miguu imevimba, kichwa kinamuuma kila siku, amekatazwa kuinua hata ndoo. Kwa hiyo shangazi aliletwa kwetu Mjimwema kushika nyumba mpaka mama ajifungue.

Siku ya kwanza tu alitukuta mimi na kaka yangu Otmar tumejikunyata barazani, mvua inanyesha, hatuna la kufanya ila kugombania kigoda. Akashika kiuno akatutazama.

"Hivi nyie, hivyo vichwa mmepewa vya kuoteshea nywele tu?"

Kuanzia hapo hatukupumzika. Tukikaa kupukuchua mahindi, anatutegea vitendawili, na ukishindwa unampa mji, naye anaukataa: "Mji gani huo hauna hata kituo cha basi? Nipe mwingine." Alituchimbia mashimo ya bao uani, akatufundisha kuhesabu kete kwa macho bila kuzigusa. Alitufunga kitambaa usoni akatupa bakuli la nafaka zilizochanganywa, tutenganishe choroko na kunde kwa vidole. Mdako alicheza mwenyewe, mwanamke mzima na kitenge chake, anarusha kijiwe juu huku anafagia vingine shimoni, na akitushinda anapiga vigelegele mpaka majirani wanachungulia. Tulimpenda jamani. Hata kama nitasema maneno mabaya juu ya ule ungo, shangazi nilimpenda.

Mchezo wa ungo ulikuwa wa alasiri, mahindi yakishaisha. Na shangazi alikuwa na namna yake ambayo mwalimu wa chekechea haijui. Kila mtu wa familia alikuwa na kitu chake mle ndani. "Kijiko ni kijiko, utakisahau," alisema, "lakini kitu cha mtu wako utakisahauje?" Basi mle ungoni kulikuwa na penseli ya baba, ile nyekundu pana ya useremala, aliyoichonga kwa kisu mpaka ikabaki urefu wa kidole. Hereni ya mama, iliyobaki pekee baada ya mwenzake kudondoka sokoni. Gololi ya Otmar. Shanga yangu ya bluu. Medali ya Bikira Maria iliyochomoka kwenye rozari ya shangazi. Na kopo la ugoro la babu, baba yao shangazi na baba, alilolisahau kwetu alipokuja Pasaka. Baada ya hapo ndipo alijazia vya jikoni: kizibo cha soda, kijiko, kiberiti, ganda la karanga.

Tunatazama. Tunafumba macho. Kitenge kinashuka, mkono unapita chini yake, tunasikia vitu vinagongana. "Fumbueni! Ni kipi hakipo?"

Siku ninayoikumbuka, zamu ilikuwa yangu. Nilitazama nikatazama. Nikasema kijiko. Kijiko kilikuwa pale pale mbele ya pua yangu! Otmar akaanguka kwa kicheko.

"Umeshindwa," shangazi akasema, akafungua kiganja. Kopo la babu. "Yaani babu yako mzima umempoteza hivi hivi?"

Alikuwa ananitania. Nilicheka na mimi. Kabla wiki haijaisha, kijana mmoja alikuja kwa pikipiki kutoka Mpitimbi, hakutaka hata kukaa, akamwita baba pembeni, na nikamwona baba anashika ukuta. Babu alikuwa amefariki.

Wakubwa waliporudi msibani, ungo ulirudi barazani. Nikatafuta kopo la ugoro sikuliona. Nikamuuliza shangazi. Akasema, kama mtu anayeeleza mahali alipoweka chumvi, "Tumemzika nalo, mwanangu. Alilipenda."

Mtoto ana hesabu zake. Nilishindwa kulitaja kopo, kopo likatolewa, babu akaenda nalo. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba nilishangaa wakubwa hawajaiona. Mle ungoni hamkuwa na vitu, walikuwa watu, na mimi ndiye niliyewekwa niwalinde. Nikisahau kimoja, mwenye nacho anazikwa.

Toka siku hiyo nilitamani kukimbia kila nikimwona shangazi anakunja mkeka na kwenda kuchukua ungo. Lakini kukataa kucheza nilikuwa siwezi. Nikikataa, nani atawatazama? Otmar? Otmar alikuwa anamtazama kuku! Kwa hiyo nilikaa. Nilijifunza kuviweka vitu kwa mafungu kichwani: vya chuma huku, vya mbao huku, vyenye rangi huku. Nilijifunza kuvisoma kuanzia ukingoni kuzunguka mpaka katikati, halafu kurudi. Asubuhi nikienda shule navitaja njiani kwa sauti ya ndani, penseli, hereni, gololi, shanga, medali, na nikikatishwa na mtu wa kumwamkia, "Shikamoo," naanza upya. Shangazi aliongeza vitu, akavichanganya, akatoa viwili kwa mpigo. Thubutu! Sikushindwa tena hata mara moja.

Wakanisifu, na sifa ndizo zilizoniumiza zaidi. Jirani yetu Mama Salma, mke wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyehamia kutoka Tunduru, alikuja kuazima kinu akakaa kunitazama. "Mashallah! Huyu mtoto kichwa chake si cha kawaida. Mnampa nini?"

"Tunampa ugali kama wenu," shangazi akajibu, kifua mbele.

Mama naye alikuwa amelala kwenye mkeka, mto chini ya miguu. Akanivuta mkono akauweka tumboni kwake. Kitu kikasukuma kiganja changu, kikatulia, kikasukuma tena. "Unamsikia mdogo wako? Anataka na yeye acheze." Akanikazia macho. "Mbona unanitazama hivyo? Una nini, mama?"

Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake. Nilitaka kumwambia. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini niliamini kabisa kwamba nikilitamka jambo lile, litasikia na kuja. Nikasema sina kitu. Nilikuwa natazama sikio lake, lile tundu tupu la hereni.

Asubuhi moja nikaamka nikakuta kitanda cha mama hakijatandikwa na mlango uko wazi. Otmar akasema wamempeleka hospitali, alikuwa anaona vibaya, anasema taa zina ukungu. Shangazi alikuwa jikoni anapika uji wa kumpelekea. Nilikimbilia ungo. Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari na vitu viko kwenye kikopo chini yake. Nikavimwaga. Penseli, gololi, shanga, medali. Hereni hakuna.

Sijui nilipiga kelele ya namna gani, ila shangazi alikuja na mwiko mkononi na Mama Salma aliruka uzio wa matete. Nilikuwa chini, nakwangua sakafu kwa kucha. "Hereni! Hereni ya mama haipo!"

Otmar alikuwa amesimama mlangoni, uso umempauka. Akafungua kiganja. Alikuwa ameichukua tu, akasema, alitaka aishike. Leo naelewa kwamba na yeye alikuwa anaogopa kwa namna yake. Siku ile nilimng'ata mkono.

Shangazi alitutenganisha, akanikalisha mapajani, mtu mzima nina miaka minane. "Kuna nini, mwanangu? Hereni ni kitu cha kulilia hivi? Mama atarudi, atanunua nyingine." Nikatikisa kichwa. Alinituliza kwa njia aliyoijua yeye: alitandaza ungo, akavipanga vitu, akashusha kitenge. Masikini shangazi. Alikuwa anamwaga mafuta ya taa kwenye moto akidhani ni maji. Nilikodoa macho mpaka yakatoka machozi, na nikavitaja vyote.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa ya watu wanaoingia na kutoka wakinong'ona. Shangazi anaenda hospitali na chakula, anarudi na chakula. Nikiuliza, naambiwa mama anaendelea vizuri, na anayesema hivyo hanitazami. Nilibeba kile kikopo kila mahali, hata chooni. Nilikataa kwenda shule na hakuna aliyenilazimisha.

Halafu baba akarudi nyumbani mchana. Baba kazi yake ilikuwa Majengo, ana karakana ya useremala nyuma ya maduka, na mchana hatukumwona hata siku moja. Aliingia na mbao nyeupe begani, msumeno na randa kwenye kiroba. Hakutusalimia. Akaweka mbao juu ya viti viwili uani, akazipima kwa rula, akajipapasa nyuma ya sikio. Akapapasa mifuko. Halafu akaja barazani nilipokuwa nimekaa, akanyoosha mkono.

"Mama, nipe ile penseli. Yangu nimeiacha kazini."

Nikafunika kikopo kwa mikono miwili.

"Hapana, baba."

"Nipe."

"Usiitoe, baba! Usiitoe! Utakwenda!"

"Niende wapi?" Sauti yake ilikuwa imechoka. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa kwenye moshi. Aliinama akanibandua kidole kimoja kimoja, taratibu, bila hasira, akachukua penseli yake, na mimi nikajua kwamba nimemwona baba yangu kwa mara ya mwisho.

Lakini nilikuwa mjanja. Nilijiambia, kitu kikitoka ungoni lakini macho yangu hayajakiacha, hakijapotea. Nikamfuata. Nikakaa juu ya tofali karibu na miguu yake na sikuitoa macho ile penseli. Alipochora mstari, niliitazama. Alipoichomeka nyuma ya sikio, nilitazama sikio. Alikata, akapiga randa, maranda yakaniangukia magotini, nyeupe, yana harufu tamu. Shangazi alitokea mlangoni akamwambia, "Mwambie mtoto aingie ndani." Baba akasema, "Mwache akae." Nikakaa. Alikuwa anaunganisha mbao fupi fupi, ananyoosha kona kwa kidole gumba, anapitisha msasa hata upande wa ndani ambao hakuna atakayeugusa. Lilikuwa sanduku dogo, zuri kuliko chochote alichowahi kumtengenezea mteja.

"Baba, ni la kuwekea vitu vya ungo?"

Akasimamisha msasa.

"Ni la mdogo wako."

Nilifurahi, jamani. Nilidhani ni kitanda. Nilimwambia lina urefu mzuri, atalala vizuri, ila aweke kitambaa chini maana mbao ni ngumu. Baba akaniambia, "Nitaweka, mama." Akageuka upande wa uzio, mabega yanapanda na kushuka, na mimi nikanyoosha shingo kuhakikisha penseli bado ipo sikioni.

Alipomaliza niliidai. Akanirudishia. Nikaikimbiza kwenye kikopo, nikahesabu watu wangu wote, wako kamili, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nililala mchana huo kama gogo. Sikumwona baba akiondoka na sanduku.

Mama alirudi siku iliyofuata kwa teksi. Nilimwona anashuka, amejifunika kitenge mpaka kichwani, shangazi amemshika huku, Mama Salma amemshika kule. Yuko hai! Nikaruka ngazi za baraza. Ndugu zangu, sijui kama nimewahi kushinda kitu tena maishani kama nilivyoshinda siku ile. Nilitaka kumpigia kelele kila mtu kwamba ni mimi, ni mimi niliyemshika mama asiende. Nilimkumbatia miguu. Bado ilikuwa imevimba. Halafu nikatazama mikono yake, ikiwa imekunjwa kifuani, haijabeba kitu.

"Mtoto yuko wapi?"

Mama aliniwekea mkono kichwani, akapita, akaingia ndani. Ni Mama Salma aliyechuchumaa akaniambia, "Mungu amemchukua, mwanangu. Hakukaa."

Nilirudi barazani. Nikamwaga kikopo ungoni. Penseli, hereni, gololi, shanga, medali. Nilivipanga, nikavipanga tena. Sikuwa nimesahau hata kimoja. Ndipo nikaona. Mdogo wangu hakuwa na kitu. Wakati wote ule nilipokuwa namlinda kila mtu, hakuna aliyekumbuka kumwekea yeye chochote, na mimi mwenyewe mkono wangu ulimgusa akisukuma na sikukumbuka. Na lile sanduku. Nikakumbuka harufu ya maranda, nikatapika pale pale.

Shangazi alisafisha. Aliporudi kuanika kitambaa, alinikuta nimetoka jikoni na punje moja ya maharage, ile ya rangi ya njano, nimeiweka katikati ya ungo.

"Na hii ya nani?"

"Ya mdogo wangu."

Alisimama hapo na kitambaa kinachuruzika maji. Nadhani ndipo alipoelewa, kidogo kidogo, kama mtu anayerudi nyuma kwenye njia aliyopita gizani: kopo la babu, hereni, penseli, yale macho niliyoyakodoa kila alasiri huku yeye akinisifia. Alikaa chini kwa uzito. Hakunikumbatia, hakunieleza kwamba mambo hayaendi hivyo. Alishusha kitenge juu ya ungo.

"Fumba macho."

"Shangazi, sitaki."

"Fumba, mwanangu. Niamini."

Nikafumba. Nilisikia mkono wake unapita chini ya kitenge, nikasikia mama anakohoa chumbani kupitia dirisha.

"Fumbua. Ni kipi hakipo?"

Nilianzia ukingoni, nikazunguka, nikaingia mpaka katikati. Nikarudia. Nikamtazama usoni. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili wazi juu ya magoti, vitupu, na machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Vyote vipo," nikasema.

"Sema kwa nguvu, mama yako asikie."

"Vyote vipo, shangazi!"

Mchezo ule hatukuucheza tena. Shangazi alirudi Mpitimbi mama alipopata nguvu, akatuachia ungo, tukapepetea mchele mpaka ukatoboka. Miezi michache iliyopita tulimzika na yeye, na mimi nilipewa ile medali.

Juzi alasiri binti yangu alinikuta nachambua yale maharage. Amebeba sinia na kitambaa cha meza, amepanga vitu vyake: kofia ya kalamu, kifungo, klipu ya nywele, na medali ya shangazi aliyoichomoa kwenye droo yangu bila ruhusa. "Mwalimu amesema, mama. Wenzangu wote wamecheza." Nilitafuta udhuru wa kumpa, wa ugali, wa chochote. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yanayosubiri kufurahi.

Nikachukua punje moja ya njano kwenye ungo wangu wa maharage, nikaiweka katikati ya sinia.

"Hiyo ya nani?" akauliza.

"Ya mjomba wako mdogo."

"Yuko wapi?"

"Yupo hapo. Haya, funika."

"Basi fumba macho, mama. Fumba kweli, usichungulie."

Nikafumba.